Shada Ndani ya Ndoo

Waziri Mkuu Hirabayashi alikuwa akiizunguka meza yake tangu alfajiri, na chai aliyoagiza haikuja. Akaifuata mwenyewe jikoni. Kando ya sinki, ndani ya ndoo ya plastiki, akaona shada kubwa la maua meupe.

Bi Otsuka, aliyekuwa akimwandalia chai kila siku, akasimama haraka mbele ya ndoo.

"Ya nani haya?"

"Ya wafanyakazi, mheshimiwa."

Hakuhitaji kuuliza zaidi. Waziri mkuu anayeondoka madarakani hupewa shada mlangoni, wafanyakazi wakimpigia makofi. Mwaka jana yeye mwenyewe alimpigia makofi aliyemtangulia. Lakini yeye hajajiuzulu! Mawaziri walikuwa wakimsubiri ukumbini, na hotuba ya kuwaambia kwamba habanduki ilikuwa mfukoni mwake.

"Nani amekwambia naondoka?"

"Hakuna, mheshimiwa. Yaliagizwa tangu juzi. Wauza maua walisema tukichelewa hatutapata mazuri."

Waziri Mkuu akayatoa maua, akamwaga maji yote ya ndoo kwenye sinki, akayarudisha maua kwenye ndoo tupu. Akaelekea mlangoni.

"Yatanyauka kabla ya saa sita," Bi Otsuka akasema taratibu.

Waziri Mkuu akasimama. Kisha akarudi, akaiweka ndoo sakafuni chini ya bomba la ukutani, akafungulia maji.

"Mheshimiwa, wanakusubiri!" katibu wake akaita kutoka ukumbini.

Maji yakafika ukingoni, yakaanza kumwagikia viatu vyake, na mkono wake ulikuwa bado umeshika bomba.