Sekunde Mbili

Arobaini ya mkewe ilipokwisha, Mbelwa alirudi kwenye chumba cha kuongozea mitambo ya upepo kilimani. Mwenyewe ndiye aliyeipangia zamani: umeme ukiyumba, mitambo ijitoe kwenye gridi papo hapo isije ikavunjika. Siku ile umeme ulipoyumba, ilijitoa yote. Mji ukazimika, na mashine iliyomsaidia mkewe, Mwantumu, kupumua nyumbani ikanyamaza.

Sasa akaandika upya amri ya mitambo: kabla ya kujitoa, ivumilie sekunde mbili.

"Kaka, vyuma vitaumia," alisema Semboja, mwenzake wa zamu.

"Na viumie."

Alasiri radi ikapiga laini ya umeme bondeni. Taa zikafifia. Nje mapanga ya mitambo yalinguruma, minara ikatetemeka, lakini hakuna mtambo ulioachia. Moja, mbili, taa zikarudi. Kule mjini mlio wa mashine ya kusaga haukukatika hata kidogo.

"Imeshika!" Semboja akapiga makofi.

Mbelwa hakumsikia. Miaka yote, umeme ukicheza tu, alipiga simu nyumbani kuuliza kama mashine ya kupumulia inafanya kazi. Alishtukia mkono umeshapiga. Simu ikaita kwenye nyumba tupu, ikaita, naye akaendelea kuishikilia sikioni.