Mto Uliohama Tarata

"Mpaka ni mto, bwana sajini," Hilaria alisema, mikono ameificha ndani ya shali ya sufu. "Ng'ambo hiyo mnatawala nyinyi. Huku wanatawala wengine."

Sajini aliitazama ramani ya mkoa wa Tarata, kisha maji yaliyomtenga na nyumba ile. Alikuwa amemfuata mtoto wa Hilaria, aliyetoroka jeshini na sasa amejilaza ghalani, chini ya viazi.

"Mwaka jana nilifika mpaka mlangoni kwako, mama. Wala sikulowa."

"Mwaka jana ulikuwa umelewa."

Askari wakacheka. Hilaria hakucheka. Wiki nzima kijiji kizima kilikuwa kikichimba, hadi mto ukahama kutoka nyuma ya nyumba ukaja mbele.

Sajini akakunja ramani, akamgeuza nyumbu aliyempanda waondoke. Nyumbu akagoma. Alikuwa na kiu, na mahali hapa alipajua. Akayanusa yale maji yenye tope, akayakataa. Akavuka na sajini mgongoni, akapita uani, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Hapo akainamisha kichwa, akaanza kulamba mawe ambayo utelezi wake wa kijani ulikuwa bado haujakauka.