Mama Hataki Kuguswa

"Shikamoo, mama," Luciana alisema, akanyoosha mkono. Mama yake akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Marahaba. Simama hapohapo, mwanangu."

Luciana alikuwa ametoka Arusha mpaka Mitundu kwa ajili ya mkono huo tu. Mafunzo yake ya vitendo kwenye maabara ya atomiki ya serikali yalikwisha vizuri, wakampa nafasi ya utafiti. Kesho angepanda treni pale Itigi akaianze. Lakini kwao mtoto haendi mbali kabla mama hajamwekea mkono kichwani na kumpa radhi. Asiye na radhi mguu wake ni mzito, hata awe na shahada tatu.

Atomiki! Mitundu nzima ilishalisikia neno hilo, na hakuna aliyelipenda. Walisema ni sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomfuata mtu mpaka nyumbani kwao.

Jioni mama hakula naye. Aliweka ugali na mlenda kizingitini, akabisha hodi. Luciana alipofungua hakukuta mtu. Nyumba aliyokulia ilikuwa kimya kama ya msiba. Dirishani alimwona mama akipita uani, amejitanda kanga mpaka kidevuni ingawa joto lilikuwa kali, kisha akajifungia kwenye stoo ya mizinga ya nyuki. Luciana alijiona yeye ndiye mzimu uliorudi kusumbua watu. Alilia.

Asubuhi jirani yao, Sikudhani, alikuja kumuaga.

"Amekuwa hivi tangu arudi kutoka Dar kwenye harusi," alinong'ona. "Hata mimi hanipi mkono. Nadhani huko walimjaza maneno kuhusu hiyo kazi yako."

Hasira zikampanda Luciana. Mama wa kumzaa, amwogope kwa umbea wa harusini! Akatoa begini kipimo cha mionzi alichopewa cha kupimia maji ya visima, akamfuata mama uani.

"Tazama, mama." Akakipitisha kifuani pake, mikononi, kwenye nywele. Kililia mara mojamoja, kivivu. "Sina sumu. Niwekee mkono niondoke."

"Radhi nakupa kwa mdomo. Nenda, treni itakuacha."

"Kwa mdomo?" Luciana akamsogelea huku machozi yakimtoka, kipimo bado kiko mkononi.

Kikaanza kulia haraka, haraka zaidi, mpaka milio ikaungana. Akakigeuzia ukutani, kikapungua. Akakirudisha kwa mama, kikapiga kelele.

Kanga ilikuwa imeteleza. Shingoni mwa mama palikuwa na kovu jipya.

"Rudi nyuma, mwanangu," mama alisema taratibu. "Dar hapakuwa na harusi. Kuna dawa walininywesha, ya uvimbe wa shingo, yenye hiyohiyo atomiki yenu, na daktari kasema nisimsogelee mtu mpaka Jumapili. Ungejua naumwa, usingepanda treni."