Shahidi Kutoka Butte

Corrine Maki alikataa kuvua koti. Ukumbi wa kamati ulikuwa na joto la jikoni, maseneta wenyewe walikuwa wamelegeza tai, lakini yeye alikaa benchi la nyuma amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, goti likimchezacheza.

"Tulia, mdogo wangu," Ardis Petrovich alimnong'oneza. "Ni watu kama sisi tu. Nusu yao hawasomi hata wanachopitisha."

"Ulisema tutamaliza mapema."

"Tungemaliza, kama si hawa kulungu."

Tangu asubuhi wafugaji walikuwa wakibishana kuhusu kulungu wanaovunja nyua na kula nyasi za ng'ombe. Kila mfugaji aliyeinuka alianza na habari za babu yake. Ardis naye alikuwa akihesabu dakika kimoyomoyo. Majira ya baridi yote alikuwa akiukatakata mpango wake wa kuwatoa kina mama kwenye msaada wa serikali na kuwaingiza kazini. Watu wa gavana walimwambia waziwazi: punguza theluthi, au tunaufuta wote. Akaondoa mafunzo, akaondoa posho ya nguo, akawaachisha kazi wenzake wawili aliokula nao chakula cha mchana miaka yote. Alibakiza mambo mawili tu: kumtengenezea mtu gari lake, na kumlipia mahali pa kumwacha mtoto.

Sasa alihitaji kura, na kura hazitoki kwenye tarakimu. Zinatoka kwa mtu. Ndiyo maana alfajiri alivuka mlima kwenye theluji kumfuata Corrine, ambaye mwaka jana alikuwa akilala ndani ya gari bovu na watoto wawili, na leo, kwa msaada wa mpango huo, anaoka mikate ya nyama katika duka moja mjini Butte.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Corrine. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

"Izime hiyo," Ardis alisema. "Mwenyekiti anachukia simu kama ukoma."

Corrine aliitazama kidogo, akaizima. Kisha akajiinua kidogo kitini. "Zamu yangu inapita, dada."

"Haipiti. Jina lako analo mwenyekiti mwenyewe."

"Hapana, nasema..."

"Corrine." Ardis alimshika mkono, akauona umelowa jasho. "Najua unaogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Lakini ukitoka sasa, kina mama wote walio kwenye foleni nyuma yako wamekwisha. Sina mwingine."

Corrine aliutazama mlango. Akakaa.

Hatimaye kulungu waliisha. Ardis alipita mbele, akaeleza mpango wake mpya, mdogo na wa bei nafuu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Seneta Hoagland alipoegemea kiti na kukunja mikono juu ya kitambi.

"Na mvivu je, mama? Mmemtafutia kazi, gari mmemtengenezea, halafu haonekani kazini, anafukuzwa. Jumatatu yuko mlangoni kwenu tena?"

"Hapana, mheshimiwa. Kifungu cha tisa. Anayefukuzwa kwa kukosa kufika kazini hatupokei ombi lake mpaka miezi sita ipite. Hapati pesa, wala hatumlipii mahali pa kumwacha mtoto."

"Hakuna visingizio?"

"Hakuna."

Hoagland aliitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Ardis alikichukia kifungu kile kuliko kitu chochote alichowahi kukiandika, lakini ndicho kilichokuwa bei ya kura ya mzee yule. Aliporudi kwenye benchi alimkuta Corrine amemkazia macho.

"Hicho si chako," alimnong'oneza. "Wewe ndiye mfano wangu mzuri. Nenda."

Corrine alitembea hadi kwenye kipaza sauti. Joto lilimshinda, akafungua koti, na chini yake wote wakaona sare ya kahawia ya duka la mikate, yenye jina lake kifuani. Ardis alitaka kupiga makofi. Kumbe binti ana akili namna hii! Asingeweza kumvisha kitu bora zaidi.

Corrine aliongea kwa kifupi. Alisema jinsi alivyokuwa akiwasha gari dakika chache usiku, apate joto, kisha kulizima kabla petroli haijaisha. Alisema siku ya kwanza kazini aliunguza mikate, akajifungia chooni akalia, akatoka akaoka mingine. "Mwanangu sasa anawaambia watu kwamba mama yake ananukia siagi," alisema. "Zamani alikuwa akiambiwa yeye ananuka gari."

Seneta mmoja alivua miwani akaifuta. Hata Hoagland alitazama meza.

Kura zilipigwa papo hapo. Mpango ulipita kwa kura moja, ya Hoagland.

Nje kwenye korido Ardis alimkumbatia Corrine, akambusu utosini, akacheka huku machozi yakimtoka. "Umeuokoa! Peke yako! Twende nikununulie chakula, mdogo wangu, chochote unachotaka. Leo huulizi bei!"

Corrine alikuwa amewasha simu, anasoma. Aliirudisha mfukoni taratibu.

"Dada Ardis, na kile kifungu cha tisa nacho kimepita?"

"Vyote! Hawakugusa hata nukta."

Corrine alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti, kuanzia mwezi huu wa Machi.

"Bosi amenifukuza kwa kukosa zamu, tangu saa tano," alisema, "tulipokuwa bado kwenye kulungu. Basi nitakuja kwako Septemba."