Salamu Zilizokatwa

Mama mmoja nisiyemjua aliingia ofisini kwetu bila miadi. Alijitaja kuwa Bi Stamili, kisha akanijulia hali taratibu: nimeamkaje, wazazi hawajambo, kazi inaendaje. Nilijibu huku nikitazama saa.

"Wewe ndiye uliyetengeneza Kibaraza?"

Nilikubali kwa fahari. Simu za kawaida zilishafungwa, na sasa familia zote huzungumza Kibarazani, ambako mashine hukata salamu ili watu waingie kwenye hoja. Mimi ndiye niliyewahoji watumiaji. Vijana waliniambia salamu za wazee zinachosha.

"Na sisi tunaosalimu, ulituuliza?"

"Hapana, mama."

"Mume wangu anaumwa tangu Ramadhani. Wanangu wakipiga, nawaambia ndani ya salamu, 'Hatujambo, ila baba yenu hawezi kula.' Jirani ndiye aliyeniambia kuwa upande wa pili hawasikii kitu. Mashine inawaambia, 'Mama hana hoja.'"

Niliona aibu hata kumtazama. Nilitaka kumshauri aanze na ugonjwa moja kwa moja, akanikatiza.

"Nimtupie mtoto habari hiyo kabla sijamjulia hali? Mimi nimekuwa nani?"

Nilimwahidi kwamba leo salamu zake zitafika, ingawa anayezifungua bila kibali huachishwa kazi.

Nilizifungua. Kitambulisho changu cha kazi kilizimika tukiwa bado mezani. Bi Stamili akampigia mwanawe.

"Mama! Leo umeamua kunisalimia?" kijana alicheka. Wakasalimiana weee, mpaka kicheko kikakoma.

"Tangu lini, mama?"