E Isiyotamkwa

Herufi moja tu, e, ndiyo iliyompandisha Shamimu gari la Matombo asubuhi ya Jumamosi, bila hata kumuaga mama mdogo wake anayeishi naye Kilakala.

Alhamisi, Madam Catherine alikuwa amewafundisha wakati uliopita wa Kifaransa. Kidato cha kwanza walikaririshwa sentensi tu, wakaziandika, basi. Sasa wako cha pili, wakaambiwa sababu. Vitenzi vingi vinabebwa na avoir, kuwa na. Lakini kwenda, kurudi, kuzaliwa na kufa vinabebwa na être, kuwa, na hapo ni lazima ijulikane anayesema ni nani. Mwanamume anaandika je suis allé, nilikwenda. Mwanamke anaongeza e moja nyuma: je suis allée.

"Mdomoni haisikiki," Madam Catherine alisema, "ila kwenye karatasi inakuumbua. Mwanaume akiiweka, kajivalisha gauni."

Darasa zima la wasichana likaangua kicheko. Shamimu hakucheka, maana meseji za baba yake alikuwa anazijua kwa moyo.

Baba yake, Abdulmajid, aliondoka miaka mitatu iliyopita na lori la mizigo la kwenda Lubumbashi. Kupiga hapigi, aliandika kwamba kazini kwake simu haziruhusiwi. Ukimpigia wewe, hapatikani. Lakini tangu Shamimu aingie kidato cha pili, kila Jumapili jioni kwenye kitochi, kisimu chake cha vitufe, iliingia meseji ya Kifaransa kutoka namba ileile ya zamani ya baba, ya tangu akiwa nyumbani, fupi, bila alama za juu:

Ma chere fille. Je suis allee au travail. Je suis rentree a la maison. Je t'aime.

Binti yangu mpenzi. Nilikwenda kazini. Nilirudi nyumbani. Nakupenda. Shamimu alijivunia sana kwamba hajawahi kukuta humo neno asilolijua. Alikuwa ameshapanga: akimaliza kidato cha nne atamfuata huko huko.

Sasa akazitazama upya. Allee. Rentree. Zote zilikuwa na e mbili, zote za kike. Kwa hiyo kuna mwanamke anayeshika simu ya baba, analala nyumba ya baba, na bado ana uso wa kumwita yeye binti yangu! Shamimu hakumwambia mtu, hata mama mdogo. Aibu ya namna hiyo unampelekea mwenyewe.

Mwenyewe, yaani Mwanaheri mama yake, Shamimu alimkuta barazani kwake Matombo akifunga pilipili manga za kupeleka gulioni. Karatasi za kufungia zilikuwa madaftari ya Shamimu ya mwaka jana. Hisabati ilikwisha zamani, Jiografia ilibaki jalada. La Kifaransa peke yake lilikuwa zima, limewekwa juu ya kabati la vyombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo? Umefukuzwa shule?"

"Baba ana mwanamke."

Mkono wa Mwanaheri ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Huyo huyo mwanamke. Ndiye anayeniandikia, siyo baba." Shamimu akachuchumaa, akamweleza yote, akiandika kwa kidole kwenye vumbi la baraza: allé ya mwanamume, allée ya mwanamke.

Mama yake aliitazama ile e ya mwisho kwa muda mrefu. Hakulia wala hakumtukana mtu. Hilo lilimuudhi Shamimu kuliko meseji zenyewe. Mwanamke gani anaambiwa mumewe kachukuliwa, yeye anabaki kukodolea macho vumbi?

"Kwa hiyo mwanaume hiyo e haiweki mwishoni," Mwanaheri akasema.

"Mama! Katika yote niliyosema umesikia hilo tu?"

"Nakuuliza. Haiweki?"

"Haiweki."

"Kila neno?"

"Kila neno!" Shamimu alijibu kwa ukali, ilimradi waachane na herufi wamzungumzie baba.

Mwanaheri akaokota punje moja ya pilipili iliyodondoka, akairudisha kwenye ungo. "Baba yako hana mwanamke," akasema.

"Umejuaje?"

"Najua."

Shamimu alimwonea huruma, kisha akamchukia kwa kumtia huruma. Miaka mitatu mwanamke huyu anauza viungo na ndizi peke yake, na bado anamtetea mtu asiyekuwepo. "Basi mimi Kifaransa naacha," akasema. "Na shule yenyewe naacha. Nilikuwa nasoma ili niende kwake. Sasa nasomea nini?"

"Usiache." Sauti ya mama yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mwanangu, nakusihi. Kesho Jumapili. Isubiri meseji ya kesho, halafu ndiyo uamue."

"Ya nini? Ataandika kilekile."

Mama alimfungia ndizi kwenye mfuko, akamsindikiza mpaka barabarani, na gari lilipoanza kushuka alikuwa amekwisha kugeuka, anarudi nyumbani haraka haraka, kama aliyeacha chungu motoni.

Jumapili jioni kitochi kililia saa ileile, namba ileile. Shamimu alikuwa ameapa kuifuta bila kuisoma. Akaisoma. Kila neno lililokuwa likiishia na e lilikuwa limekatwa e moja:

Ma cher fill. J suis alle au travail. J suis rentre a la maison. J t'aim.