Makapi kwenye Rangi Mbichi

Kiangazi chote Sikudhani alichora alfajiri tu, kabla ya kwenda shambani. Ilikuwa picha yake ya kwanza tangu amalize chuo, na aliogopa kwamba asipoikamilisha hatachora nyingine. Rangi ya mafuta hukauka taratibu, kwa hiyo aliiacha barazani ipate hewa. Siku moja maharage yalipurwa uani, upepo ukageuka, na jioni akakuta makapi yamenasa kwenye anga la buluu la picha.

"Shangazi, hamkuiona?"

"Tuliiona. Muhogo wangu umeanikwa, umesagwa, umeliwa, picha yako bado mbichi?"

Wapuraji wakacheka. Shangazi akalainisha sauti. "Njoo tule makande, mwanangu. Kesho tunavuna ng'ambo ya mto, na mikono yako tunaitegemea."

"Nitakuja kesho. Sasa hivi niacheni kidogo."

Wakamwacha. Akaketi peke yake, akachomoa kapi moja kwa ncha ya kisu. Liliacha mkwaruzo mwembamba, kama njia ya ndege aliyekwisha kupita. Aliutazama muda mrefu. Uani walikuwa wakipakua, wakitaniana. Sikudhani akaweka kisu chini, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaanza kumtafuta ndege huyo.